Watu wa Nyuma ya Kiti Changu

Kwako Dada,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, mgongo umetulia na cherehani haijaanza tena ukorofi wake. Mimi huku mwili haujambo. Nakula, nalala, viatu nimevipeleka kwa fundi kama ulivyoniagiza, na lile koti ulilosema nilitupe bado ninalo, kwa hiyo usijisumbue kuuliza. Nibusie watoto. Shemeji naye mwambie nimechoka na salamu za kupitia kwako. Ana mikono miwili na kalamu haiumi.

Barua yako niliipata. Niliisoma nimesimama mlangoni, nikaisoma tena nimekaa. Umeandika kwamba unakuja mwisho wa mwezi, utakaa wiki nzima, na kwamba hutaki kuonyeshwa majengo wala barabara, unataka kuonyeshwa watu wangu. Umewataja mmoja mmoja kama jamaa zako wa siku nyingi: Bi Miwani wa machungwa, Mchoraji mwenye vituko, na Mhasibu anayesinzia ameshika kalamu. Umetaka niwaalike chumbani kwangu tule pamoja, na ukaniuliza mabega ya Mchoraji yana upana gani ili umshonee shati. Dada, swali hilo la mabega ndilo lililonichelewesha kujibu. Nitalijibu, ila nivumilie kwanza nikusimulie habari ya vioo vya kompyuta, maana bila hiyo jibu langu halitakuwa na kichwa wala miguu.

Kazi yangu unaijua. Napanga kurasa za vitabu vya shule. Wahariri wananipa maneno, Mchoraji ananipa picha, nami navisogeza huku na huku mpaka vikae kwenye ukurasa bila kukanyagana. Ofisi yetu ni chumba kimoja kirefu chenye madirisha upande mmoja. Nilipoajiriwa, meza zote zilikuwa na wenyewe, ikabaki moja ya kona iliyobanwa ukutani kwa sababu soketi ilikuwa pale. Nikakaa pale, uso kwa ukuta na mgongo kwa wenzangu wote, kama mtoto aliyeadhibiwa. Niliambiwa ni kwa muda tu, mpaka mambo yapangwe vizuri. Huu ni mwaka wa pili na mambo hayajapangwa.

Kilichoniokoa ni kioo. Kompyuta niliyoikuta mezani ina kioo cha zamani, kile kinachong'aa. Kikiwa na kitu cheupe, unaona hicho kitu tu. Lakini pale palipo peusi, chumba chote cha nyuma kinaingia mle ndani, na watu wake, na viti vyao. Siku za mwanzo kilinikera sana. Nilikuwa najaribu kusoma aya na kichwa cha Mhasibu kinaelea katikati yake. Baadaye nikazoea. Baadaye nikapenda. Kisha nikaanza kukisaidia: ukurasa ninaoupanga niliufanya mdogo pale katikati, na pande zake zote nikazijaza weusi. Nilijiandaa kusema, nikiulizwa, kwamba weusi unapumzisha macho. Hakuna aliyeniuliza.

Humo ndimo nilimoijua ofisi yangu. Bi Miwani, mhariri wa sayansi, humenya chungwa polepole mpaka ganda lote linatoka bila kukatika, halafu huligawa chungwa lenyewe kipande kimoja kimoja kwa kila aliye karibu, hata kama mtu hataki. Mchoraji akimaliza picha husimama, akajifanya anaanguka kitini, au akamwigiza Mhasibu anavyopigana na usingizi mpaka kichwa kinamshinda. Mhasibu mwenyewe akishtuka huendelea kuandika kana kwamba hakuna kilichotokea. Haya yote nimekuandikia, nawe umeniambia watoto hukuomba uwasomee sehemu ya Mchoraji mara mbili.

Sasa basi, wiki iliyopita Fundi wa kompyuta akaja na habari kwamba ofisi inanunua vioo vipya vya kila meza. Fundi huyu ni mtu mwenye bisibisi mfuko wa shati na maneno mfuko wa suruali, na huzungumza na mashine kama muuguzi na mgonjwa mkaidi. Alileta vioo viwili vya mfano, akaviweka sambamba karibu na dirisha ili kila mtu akae avijaribu. Kimoja king'aacho, kingine kisichong'aa. Cha kwanza alikibatiza Mng'ao, cha pili Butu, na majina yakashika.

Alitueleza vizuri, sikatai. Alisema Mng'ao hana kitu usoni, kwa hiyo rangi zinakujia jinsi zilivyo, nyekundu ni nyekundu na nyeusi ni nyeusi kweli. Ila uzuri wake ni wa dukani, kwenye taa walizozipanga wao. Ukimleta ofisini, penye dirisha huku na taa ya dari kule, anageuka kioo cha kinyozi, nawe unakunja uso kutwa ukitafuta maneno nyuma ya mwanga. Butu yeye uso wake umekwaruzwa, mikwaruzo midogo ambayo jicho haliioni, mwanga ukimpiga unatawanyika. Rangi zake zimepoa kidogo, na ukimsogelea sana penye weupe utaona kama amenyunyiziwa unga. Lakini anayekaa naye tangu asubuhi akisoma, jioni anaondoka na macho yake. Akamaliza kwa kusema kwamba Mng'ao ni mchumba, Butu ni mke. Watu wakacheka, na mmoja baada ya mwingine wakamchagua Butu.

Ilipofika zamu yangu nikasema mimi nabaki na king'aacho. Fundi akaniuliza sababu. Nikasema rangi, kwamba mtu anayepanga kurasa zenye picha hawezi kufanya kazi kwa rangi zilizopoa. Niliisema kwa ufundi, hata mwenyewe nikaanza kuiamini. Bahati mbaya Mchoraji, ambaye rangi zote za vitabu vyetu zinatoka mkononi mwake, alikuwa ameshamchagua Butu tangu asubuhi, na Fundi akanikumbusha hilo mbele za watu. Akanitania akitaka kujua kama pale kwenye kona nafanya kazi au nachana nywele. Ningemwambia nini? Kwamba akiniondolea kile kioo ananiondolea watu? Mwishowe akasema hana haraka, nikae na Butu siku chache, Ijumaa nimpe neno la mwisho. Akaking'oa cha zamani, akakiweka chini ya meza yake.

Nikakaa na Butu. Nisimsingizie, kwa kazi hana kasoro. Herufi zilitulia, ule mwanga wa dirisha uliokuwa ukinikalia kwenye kona ya juu ukatoweka, na kichwa kilichokuwa kikiniuma kila alasiri hakikuuma. Nikaweka weusi pande zote za ukurasa kama nilivyozoea, nikatazama. Ulikuwa weusi tu. Nikainama, nikasogea kushoto, nikapunguza mwanga. Hapakuwa na mtu humo.

Dada, siku ile ilikuwa ndefu. Nyuma yangu walikuwapo wote, niliwasikia. Kiti kilikwaruza sakafu nisijue ni cha nani. Ghafla wakaangua kicheko, nami nikakaa nimekaza shingo, sijui nini kimewachekesha. Nilitaka kugeuka. Lakini mtu aliyekaa hivyo kwa muda mrefu namna hiyo hugeuka vipi? Lazima awe na sababu. Nilitafuta sababu mpaka nikaangusha kalamu makusudi, ili nikiiokota nigeuke. Ikabingirika kwenda mbele, chini ya meza, ukutani kabisa. Nikaiacha huko.

Kesho yake Bi Miwani akaja mezani kwangu. Nilidhani ameleta masahihisho, nikanyoosha mkono kupokea karatasi, hana karatasi. Akaniuliza kama nimekata shauri la kubaki na Butu. Nikaanza tena wimbo wangu wa rangi. Akaniacha nimalize, kisha akasema taratibu kwamba mambo ya rangi hayajui, ila tangu jana wameshindwa kuniona, na wenzake wamemtuma aniulize kama nataka wamwombe Fundi anirudishie kile cha zamani.

Nikauliza kuniona vipi, wakati mimi nimekaa hapo hapo siku zote. Akanitazama kwa juu ya miwani yake. Akaniuliza kama si mimi niliyeupanga ukurasa wa vioo katika kitabu cha sayansi, ule alionirudishia kwa sababu mstari wa mwanga niliuwekea mshale upande mmoja tu. Nikakumbuka. Alitaka mshale kila ncha, kwa sababu njia ambayo mwanga unaijia ndiyo hiyo hiyo unayoweza kuirudia: ukiliona jicho la mtu kwenye kioo, na lenyewe linakuona. Niliongeza mshale huku nikinung'unika moyoni kwamba mama huyu anapenda kusumbua watu. Ukurasa ule niliupanga kwa mikono hii, nikachagua hata rangi ya mishale, nikaupeleka ukachapwe watoto wausome. Mimi sikuusoma. Nyani haoni kundule, Dada, hata akipewa kioo.

Basi akanieleza. Kwamba uso wangu wameuona tangu miezi ya mwanzo, ukimulikwa na kurasa zangu mwenyewe. Kwamba vituko vya Mchoraji vilianza siku aliponiona nimecheka, na tangu hapo huvifanya kwa ajili yangu. Nisipocheka hurudi kitini akiwa amenuna, akatafuta kingine. Kwamba waliniona nilipokuwa na homa, na waliniona juzi nilipoisoma tena barua yako pale mezani na machozi yakanitoka. Mhasibu alikuwa ameshainuka aje kwangu, Bi Miwani akamshika mkono wa shati akamketisha. Nikamuuliza kwa nini alimzuia. Akasema walishakubaliana zamani kwamba mimi ni mtu ninayetaka kuachwa. Mtu akikupa mgongo mwaka mzima, akasema, huwezi kumsukumia mlango. Walisema kwamba kama ningewahitaji, ningegeuka. Halafu akasema kama walikosea niwasamehe. Nikamjibu kwamba nashukuru, nikajifanya nina kazi nyingi, akaenda zake.

Dada, nadhani sasa umeshajua ninachotaka kukuambia, maana wewe hujawahi kuhitaji kuambiwa jambo hadi mwisho. Lakini niache niliseme kwa mkono wangu. Sijawahi kukaa na watu hao. Mpaka siku aliyonijia Bi Miwani, tulikuwa tumesalimiana asubuhi na kuagana jioni, na katikati ni masahihisho. Nilipokuandikia kwamba tulicheka mpaka tukashika mbavu, walicheka wao. Mimi nilikuwa nimewapa mgongo. Nilipokuandikia kwamba mchana tunakula pamoja, wao walikuwa wamevuta viti kwenye meza ya Bi Miwani, na mimi nilikuwa nakula kwangu nimekodolea kioo, nao wako humo wadogo kama vidole. Asiye na mwana aeleke jiwe. Nilipokuandikia kwamba nimeugua na wakaja na supu, hakuja mtu, hawajui hata ninakoishi. Supu niliipika mwenyewe na haikuwa na chumvi. Salamu zote ulizowatumia ziko kwangu, hazijafika hata moja.

Sikufanya hivyo ili nionekane wa maana. Mwanzo nilitaka tu ulale usingizi. Wewe ulinilea, ukiniwazia huwa huli, nami nilikuwa mbali siwezi kukusimamia ule. Baadaye ikawa kwa ajili yangu pia. Kabla ya kufunga bahasha nilikuwa naisoma barua yote tangu juu, na kwa muda ule wa kuisoma nilikuwa mtu yule anayeandikwa, mwenye watu. Nimekuwa mpweke, Dada. Neno ndilo hilo. Nimelizunguka barua zote hizi kama anayezunguka shimo, na sasa nimelitaja wala sijafa.

Ijumaa nilimwambia Fundi anipe Butu. Akatangaza kwa sauti kwamba alijua tu mwishowe nitaoa, na nikamwacha afurahi. Nimlaumu nani? Kile kingine ningekirudisha, tungeendelea kuchungana kioo kwa kioo, mimi nikiwaona na wao wakiniona, kila upande ukiheshimu mgongo wa mwenzake, mpaka siku ya kustaafu. Nilitaka kioo ambacho hakina mtu, ili nikiwataka watu nisiwe na pa kuwatafutia isipokuwa mahali walipo.

Mchana ulipofika nikasikia vifuniko vinafunguliwa. Nilikuwa nimeapa kugeuka. Nikaona aibu, mtu mzima kuogopa kuzungusha kiti. Nikakizungusha. Wote wakainua nyuso. Nilichokiona cha kwanza ni kwamba nilikuwa nimewajua kinyume. Kile kidoa cha Bi Miwani kiko shavu jingine. Mchoraji hutumia mkono wa kushoto, si wa kulia, na kote nimekuandikia wa kulia. Hata njia ya nywele za Mhasibu iko upande usio wake. Walikuwa wao, na walikuwa wageni kabisa. Mhasibu ndiye aliyevuta kiti, akakisogeza ubavuni mwake. Nikaenda.

Nisikutie tamaa bure. Haikuwa kama kwenye barua zangu. Mchoraji hakufanya kituko hata kimoja. Ana kwa ana ni mtu wa haya, alitazama chakula chake muda wote. Tulisema habari za jua na habari za ngazi iliyovunjika pale chini. Nilikuwa nimeanza kufikiri kwamba nimalize haraka nirudi kwenye kona yangu, ndipo Bi Miwani akaniuliza, kwa upole wa mtu anayeogopa kugusa kidonda, kama nina mtu yeyote. Nikaona wenzake nao wameacha kutafuna. Kumbe kwa muda wote huo walidhani sina ndugu, na hiyo ndiyo sababu Mchoraji alikuwa akijitesa kunichekesha.

Nikasema ninaye dada. Nikasema ni mshonaji, ndiye aliyenilea, na anakuja mwisho wa mwezi. Sauti ilinitoka kubwa kuliko nilivyokusudia. Wakaniuliza wewe ni mtu wa namna gani, na hapo, Dada, nilizungumza mpaka muda wa chakula ukapita na Fundi akaja kuuliza kama ofisi imegeuka mgahawa. Niliwaambia unavyoshika pini mdomoni huku unagomba. Niliwaambia unavyompima mtu kwa macho mlangoni kabla hajakaa. Walicheka, na nilikuwa nimewakabili, na nilijua wanacheka nini.

Halafu nikarudi ukutani. Sasa sijui itakuwaje. Siku mbili za kazi zilizofuata nimegeuka mara moja, ya pili ilinishinda. Sijawaalika. Nikiwaalika huenda wakaja, huenda kila mmoja akapata udhuru wake wa adabu, na tukabaki wawili mimi na wewe na sufuria la watu sita. Kwa hiyo kitambaa cha Mchoraji usikikate bado. Mabega yake sijui yana upana gani. Ukija utampima mwenyewe, akikubali kusimama.

Ila njoo. Usighairi kwa hasira wala usije kwa huruma, njoo kama ulivyokuwa umepanga. Husemwa mgeni njoo, mwenyeji apone, na safari hii mwenyeji anaumwa kweli. Ukitaka kunigombeza, nigombeze tukiwa tumekaa, nikuone unavyogomba.

Wape wote huko salamu zangu, na safari hii zifikishe, usifanye kama nilivyofanya mimi. Watoto waambie sehemu ya Mchoraji ni ya kweli, ila mkono ni wa kushoto. Nitakupokea kituoni asubuhi utakayofika. Ukishuka usinitafute kwenye makundi ya watu. Angalia aliyesimama peke yake.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba